Kuku silki huku Kusini: achaneni na nyama yake, mpeni mayai ya kanga alalie

Babu wa Mikindani

Wakuu, heshima kwenu.

Kila nikipost picha ya kuku wangu, inbox inajaa: "Mzee, silki analipa?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja, naweka hapa nijuavyo, na wenye uzoefu waongeze. Mimi niko upande wa Mikindani, kashamba ka korosho na minazi, nina kienyeji, kanga na silki. Si mtaalamu wa mifugo, ni mfugaji tu.

Kwa asiyemjua: silki ni kuku mdogo mwenye manyoya laini kama usufi. Ukiyapuliza yanafunguka unaona ngozi nyeusi tii. Mifupa nayo myeusi, nyama ya kijivu. Masikio yana rangi ya feruzi, miguu ina manyoya hadi vidoleni, na vidole ni vitano kila mguu badala ya vinne. Kichwani ana kishungi kinachomfunika macho. Asili yake ni Asia, wengi wanasema China, na msafiri Marco Polo aliyefika huko karne ya 13 aliacha habari za kuku weusi wenye manyoya kama ya paka.

Sasa faida. Mayai ni machache, kama 100 au 120 kwa mwaka, tena kwa anayetunza vizuri, na ni madogo. Nyama ni kiduchu, na rangi yake sokoni kwetu haiuziki. Anayekwambia ununue silki ufungue biashara ya mayai anataka kukuuzia vifaranga vyake, basi.

Kazi ya silki ni kulalia. Huyu kuku akishataga kidogo tu anaingia kiotani hatoki. Mwekee mayai ya kienyeji, ya kanga, ya bata, hata mawe ya mtoni, atalalia. Nikiwa na koo (mitetea wazazi) wachache wanaopokezana sihitaji mashine ya kutotolea. Hiyo ndiyo hesabu yangu, sina nyingine.

Mchumia Tandahimba

Nimekaa paleee, naomba pa kukaa wageni waongezwe viti.

Sasso Kamili

Mzee, kwa heshima zote, hawa ni kuku wa kupiga nao picha. Mtu ana heka mbili, ananunua jozi ya kuku kwa bei ya mbuzi ili wamlalie mayai? Mtetea wa kienyeji analalia bure. Mashine ndogo inatoa vifaranga wengi kwa mpigo mmoja. Tuache ushamba wa mitandaoni.

Babu wa Mikindani

Sasso Kamili, hoja yako nzuri, ila umeme wa mashine yako unakatika lini na lini? Gesi inachimbwa Msimbati hapo, tunaiona ikipita kwenye bomba, na bado usiku tunawasha tochi. Mayai yakipoa saa kadhaa siku ya kumi na nane, umekwisha. Mwenye sola na betri nzuri atumie mashine, simkatazi.

Kuhusu kienyeji kulalia bure, kweli. Lakini kienyeji analalia anapotaka yeye na mahali anapotaka yeye. Atajificha kwenye kichaka cha mikorosho, umtafute siku tatu, ukimpata kenge amekutangulia. Silki hana ujanja huo. Haruki, haendi mbali, anataga sanduku lile lile ulilomwekea. Ukimhamisha usiku na mayai yake anakubali. Kienyeji ukimhamisha anasusa.

Dada Ruangwa

Babu shikamoo. Naomba somo la kanga. Mimi kanga wangu wanataga sana mvua zikianza ila vifaranga hawaponi hata. Mama anawaburuza kwenye majani yenye umande asubuhi, wanakufa mmoja mmoja hadi wanaisha.

Babu wa Mikindani

Marahaba mwanangu. Hapo umegusa penyewe. Kanga ni mtagaji mzuri na mama mbovu. Fanya hivi.

Kusanya mayai ya kanga kila siku, lakini usiyaokote yote kiotani, acha machache, la sivyo anahama kiota. Yaweke chumbani mahali pa baridi, ncha nyembamba chini, yasizidi wiki moja hivi. Subiri silki akae kiotani usiku mbili tatu mfululizo bila kuondoka, ukimgusa anavimba na kunguruma, hapo ndipo amekolea. Usiku mpe mayai kwa mkono, moja moja, chini ya kifua. Mayai ya kanga ni madogo lakini silki naye ni mdogo, usimjazie. Manane kwa koo mwenye mwili, sita kwa yule mdogo kabisa. Yai linalochungulia pembeni ndilo linalopoa, na kuku analizungusha, kesho linapoa jingine. Unaweza kuharibu yote kwa tamaa ya mawili.

Yawekee alama ya penseli. Mara nyingine koo mwenzake anakuja kutaga humo humo, usipokuwa na alama utachanganyikiwa.

Siku ya saba au ya nane yapime usiku kwa tochi ya simu. Yai lenye uhai lina mishipa myekundu iliyotawanyika kutoka kwenye doa. Lililo jeupe lote halina kitu, litoe. Ganda la kanga ni gumu na lina rangi, kwa hiyo usipoona vizuri subiri siku nne tano zaidi.

Kuku ni siku 21, kanga 26 hadi 28. Bata hawa wetu wenye nyama nyekundu usoni ni 35, na hapo silki anaweza kudhoofu sana, mimi siwapi.

Dada Ruangwa

Na wakishaanguliwa?

Babu wa Mikindani

Hapo ndipo wengi wanapoteza. Vifaranga wa kanga hawaelewi vizuri lugha ya kuku siku za mwanzo. Silki anawaita "kokoko" waje kula, wao wanakimbia. Kwa hiyo wiki mbili za kwanza usiwaachie nje. Wafungie na mama yao kwenye kibanda kidogo kikavu, sakafu isiteleze (gazeti tupu ni baya, miguu inapanuka), chombo cha maji kiwe kifupi na ukitie kokoto ili wasizame. Kanga mchanga anazama kwenye kifuniko cha ndoo, usicheke, nimeona.

Chakula chao kiwe na protini nyingi kuliko cha vifaranga wa kuku, asilimia 24 hadi 26. Ukikosa cha dukani, ongeza dagaa waliosagwa na mchwa. Mchwa ndio dawa. Geuza kichuguu asubuhi, wapelekee, utaona wanavyomjua mama yao haraka.

Mwl wa Nachingwea

Niongeze kuhusu dagaa. Huku pwani dagaa wengi wanakaushwa kwa chumvi. Chumvi nyingi inaua vifaranga, wanakunywa maji mno, wanaharisha, wanaanguka. Lowekeni kwanza, mwageni maji, anikeni tena, ndipo msage. Au nunueni wasio na chumvi.

Na wale wenye mashudu ya ufuta, maana Lindi na Mtwara ufuta ndio kwetu: ni chakula kizuri, lakini kina upungufu wa laisini, moja ya viungo vya protini. Ufuta peke yake hautoshi, uchanganyeni na dagaa au soya. Kwa pumba za mahindi tupu kuku hakui, anajaza tumbo tu.

Fundi Makuti

Swali la haraka. Kwa sakafu ya banda naweza kutandaza maganda ya korosho? Yapo ya bure karibu na wabanguaji.

Mwl wa Nachingwea

Hapana kabisa. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayobabua ngozi, waulize wabanguaji wanaofanya kazi bila glovu. Silki ana manyoya hadi vidoleni, yatanasa mafuta yale, na kuku hulala sakafuni huyu. Tumia maranda ya seremala au pumba za mpunga. Nyasi kavu ni sawa ila zikilowa badilisha siku hiyo hiyo, zinaota ukungu.

Babu wa Mikindani

Asante mwalimu. Na hili la kulala sakafuni nilikuwa nalisahau. Silki harukii kichanja. Wanalala chini wamerundikana kona moja. Ukimweka banda moja na kienyeji wanaolala juu, asubuhi unamkuta amepakwa kinyesi mgongoni, na manyoya yale hayakung'utiki. Mwekee chumba chake, au ubao mpana usiozidi kimo cha goti.

Tena usimchanganye na kuchi, wale kuku wa kupigana. Fuvu la silki wengi lina uvimbe juu, chini ya kile kishungi, na pale mfupa haujaziba sawasawa. Kuchi akimdonoa mara moja utosini anaanza kuzunguka kama mlevi, wengine hawaamki.

Kijana wa Masasi

Mzee mimi nilinunua "silki" kwa mtu wa mtandaoni, manyoya yamepinda pinda kuelekea juu, ngozi ya kawaida, vidole vinne. Anasema ni silki wa Tanzania.

Sasso Kamili

😂😂😂 Pole mkuu. Huyo ni kidimu. Yupo kwa bibi yako bure.

Mwl wa Nachingwea

Kidimu manyoya yake ni kamili, yamejikunja tu. Ya silki hayana vile vindoano vidogo vidogo vinavyoshikanisha unyoya uwe bapa, ndiyo maana yanatawanyika, hayazuii maji na hayamsaidii kuruka.

Mnaonunua angalieni vyote kwa pamoja: manyoya, ngozi nyeusi, vidole vitano, upanga mfupi wenye vinundu, masikio ya feruzi. Kimoja peke yake hakitoshi, kwa sababu vidole vitano na weusi vinajitokeza hata kwa chotara. Manyoya ya usufi ndiyo yanayojificha. Jogoo silki ukimpandisha kwa kienyeji wa kawaida, vifaranga wote wanatoka na manyoya ya kawaida, wengi na kidole cha tano. Ukiwapandisha hao wenyewe kwa wenyewe, kama robo ndio watarudi na usufi. Mwaka 1911 wanasayansi Bateson na Punnett wa Uingereza waliandika jinsi weusi wa silki unavyorithiwa: jogoo silki kwa koo mwenye ngozi nyeupe, mitetea wanatoka weusi na majogoo wanatoka weupe weupe. Kwa hiyo mtu akikuletea mitetea weusi wenye manyoya ya kawaida anakuambia "watabadilika wakikua", mwambie na wewe utabadilika ukizeeka.

Kijana wa Masasi

Basi nimepigwa. Chotara anafaa kulalia lakini?

Babu wa Mikindani

Chotara wa silki mbona ndiye bora kuliko wote kwa shamba letu! Ana mwili mkubwa, anafunika mayai kumi na mbili, manyoya yanazuia mvua, na hamu ya kulalia wengi wanairithi. Mimi mwenyewe nusu ya walalizi wangu ni chotara. Kidimu wako naye mpe nafasi, usimchinje kwa hasira.

Bi Mkubwa Kilwa

Nyie mnaongea kitaalamu, mimi nina la mtaani. Huku kwetu ukiwa na kuku mweusi ndani na nje jirani anakuuliza unampelekea mganga gani. Juzi mtu kaja getini kabisa anataka jogoo mweusi "wa kazi", anatoa hela nzuri. Nikamfukuza.

Mchumia Tandahimba

Bi Mkubwa ungeuza tu, hela ni hela 😅

Bi Mkubwa Kilwa

Mwanangu, leo nauza mmoja, kesho nyumba yangu ndiyo inaitwa nyumba ya dawa. Na kuku wanaanza kuibiwa.

Babu wa Mikindani

Bi Mkubwa amenena. Mimi nimewaambia majirani waje waone vifaranga wa kanga chini ya kuku mweusi, na watoto wao wakachukua wawili watatu. Maneno yakaisha yenyewe. Aliyepata kifaranga kwako hakuzushii. Pia nafuga weupe zaidi, manyoya meupe ngozi nyeusi, hawamshtui mtu kwa mbali. Kwa wanaouliza kuhusu halali: ni kuku kama kuku mwingine, achinjwe kisheria. Wachina wanampika supu ya kumwongezea nguvu mgonjwa na mzazi. Nimeionja supu yake, ladha ni ya kuku wa kienyeji. Macho ndiyo yanakataa.

Ngalawa

Labda waliletwa na Wachina wa zamani. Si vigae vya China vipo Kilwa Kisiwani?

Mwl wa Nachingwea

Vigae vipo, mifupa myeusi ya kuku sijasikia imechimbuliwa. Tusiunge unge historia.

Dada Ruangwa

Tuje kwenye magonjwa jamani, hapo ndipo mtaji unapozama.

Babu wa Mikindani

Kideri kwanza. Haichagui silki wala nani. Chanjo ya I-2, inayotengenezwa Kibaha, tone moja jichoni kwa kila kuku, wakubwa kwa vifaranga, na urudie kila miezi mitatu. Inavumilia joto kuliko chanjo nyingine lakini hiyo isiwe sababu ya kuiweka mfuko wa suruali kutoka mjini hadi Nanyamba. Ifunge kwenye kitambaa kibichi, kaa nayo kivulini. Chupa moja ina matone mengi kuliko kuku wako, kwa hiyo panga siku na majirani mchange. Jirani asiyechanja ndiye atakayekuletea ugonjwa. Na silki shika kishungi uinue, vinginevyo tone linaishia kwenye manyoya unadhani umechanja.

Daktari wa Bure

Naongezea ugonjwa unaomshambulia silki zaidi ya kuku wengi: Mareksi. Dalili utakayoiona ni kuku kijana, wiki kadhaa hadi miezi michache, analala mguu mmoja umenyooka mbele na mwingine nyuma. Anakula, macho yako sawa, ila hasimami, anakonda. Watu wanasema karogwa au kakanyagwa. Ni kirusi kinachokaa kwenye vumbi la ngozi na manyoya, kinaenea kwa hewa ya banda. Hakuna tiba. Chanjo yake hutolewa siku ya kwanza kifaranga anapoanguliwa, kabla hajakutana na vumbi lile. Ukinunua silki uliza hilo kwanza, kabla ya rangi.

Lakini si kila kilema ni Mareksi. Vidole vikijikunja ndani kama ngumi kwa vifaranga, mara nyingi ni upungufu wa vitamini B2, na ukiwahi kumpa vitamini ya maji anarudi. Msichinje kabla hamjaangalia vidole.

Sasso Kamili

Hapa nimeanza kusoma kwa makini. Daktari, huku kupata hiyo chanjo ya Mareksi inakuwaje?

Daktari wa Bure

Ngumu kwa mtu wa kuku kumi, kwa sababu chupa ni ya vifaranga wengi na ukishaichanganya inatumika muda mfupi. Kinachowezekana ni kununua vifaranga kwa mtotoleshaji anayechanja. Na kwa wa nyumbani, usibaki na damu ya waliougua. Zalisha kutoka kwa walioishi zaidi ya mwaka wakiwa wazima.

Pia mdau asijaribu mayai ya bata mzinga chini ya silki halafu akawaachia uwanja mmoja na kuku. Kuku hubeba minyoo yenye vimelea vinavyoharibu ini la bata mzinga na kumuua, ila kuku mwenyewe mara nyingi haonyeshi kitu.

Fundi Makuti

Na utitiri? Miguu ya hao kuku yenye manyoya naona itakuwa kiwanda.

Babu wa Mikindani

Ni kiwanda kweli. Mguu ukiota magamba yaliyoinuka, paka vaseline nzito au mafuta ya nazi hadi ndani ya manyoya, rudia kila baada ya siku chache hadi magamba yadondoke. Wale wadudu wanakosa pumzi. Walalizi ndio hatari zaidi, kwa sababu kuku amekaa wiki tatu nne sehemu moja. Kila siku mnyanyue kiotani, mwenyewe hatoki, anaweza kukaa na njaa hadi akawa mwepesi mkononi. Akinyanyuliwa atasimama kama kashangaa, kisha atanya rundo moja lenye harufu ya kukimbiza mbwa, atakula mbio, ataoga vumbi, atarudi. Muda huo geuza manyoya ya tumboni uangalie chawa, na weka jivu safi kwenye vumbi lake la kuoga.

Bi Mkubwa Kilwa

Nikitaka aache kulalia? Sisi huwa tunamchovya kwenye ndoo ya maji.

Babu wa Mikindani

Kienyeji anakauka upesi. Silki usimchovye, dada yangu, hasa masika. Manyoya yananywa maji hadi kwenye ngozi, na kwa unyevu wa pwani anashinda amelowa, kesho ana mafua. Mweke kwenye tenga lenye tundu chini, lining'inie hewa ipite tumboni, chakula na maji apate, siku tatu nne anapoa.

Kwa ujumla mvua ndiyo adui wake kuliko baridi. Kuanzia Desemba hadi Aprili banda liwe na paa linaloshuka chini, sakafu iliyoinuliwa, na asubuhi ya umande usimfungulie hadi majani yakauke. Kishungi kikifunika macho mpunguze kwa mkasi pembeni ya jicho, maana asiyeona juu hamwoni mwewe. Kivuli cha mkorosho kinasaidia kwa joto na kwa mwewe pia, ila wakati wa kupuliza mikorosho salfa, ile dawa ya unga, wafungieni, vumbi lile linakera macho na pumzi.

Sasso Kamili

Mzee sijabadilisha msimamo kuhusu bei. Ila nina mayai ya kanga kutoka kwa shemeji Mtama na mashine imeniunguzia mara mbili. Una chotara wa kulalia wa kuuza?

Babu wa Mikindani

Ninao koo wawili chotara, mmoja amekaa kiotani tangu juzi. Muone afisa mifugo wako kwanza kuhusu kibali cha kusafirisha. Mayai ya shemeji yaje yamefungwa kwenye pumba za mpunga, ncha chini, na yakifika yapumzike siku nzima kabla ya kuwekwa chini ya kuku. Basi la Lindi linatikisa.

Sasso Kamili

Poa. Njoo inbox tupange bei, na usinipige ya mbuzi.